Samaki Mkunje Angali Mbichi: Koboko na Mpango wa Kupunguza Gesijoto



Lugha hujifunzwa ili itumike, na matumizi yake makubwa ni kuzungumzia mambo yanayotuhusu sote. Kwa hiyo leo tuziache ngeli zipumzike, tujadili namna miji inavyoweza kupanga ili kupunguza gesijoto. Nautaja msimamo wangu mapema ili uupime unaposoma: Manispaa ya Koboko inapaswa kuandika mpango wake sasa, ikiwa bado ndogo, na mpango huo uanzie jikoni.

Tuanze na maneno yenyewe. Gesijoto ni jina la jumla la gesi zinazozuia joto lisitoke kwenda angani, zikaifanya dunia ipate joto kupita kiasi. Iliyo kubwa miongoni mwake ni hewaukaa, itokayo kila tunapochoma mafuta, makaa au kuni. Nyingine ni methani, itokanayo na taka zinazooza pasipo hewa, na mashamba ya mpunga, na matumbo ya ng'ombe. Methani haidumu angani muda mrefu, lakini uwezo wake wa kushika joto, ukipimwa kwa kipindi cha miaka 100, ni takriban mara 28 ya ule wa hewaukaa. Tenganisha pia hali ya hewa na tabianchi. Mkulima akiona mvua imechelewa mwaka huu, anazungumzia hali ya hewa. Akiona imekuwa ikichelewa kwa miaka thelathini, anazungumzia tabianchi.

Kosa letu ni lipi?

Utauliza, nawe una haki ya kuuliza: Koboko imeikosea nini dunia? Mji wenye bodaboda, mashine za kusaga na vibanda vya chapati utahesabiwaje pamoja na miji yenye viwanda vya chuma na viwanja vikubwa vya ndege? Swali hili ni la haki. Nchi tajiri zimechoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya karne mbili, nazo ndizo zenye deni kubwa. Asikudanganye mtu kwamba deni hilo limefutwa kwa sababu sisi nasi tumeanza kupanga.

Hata hivyo, asiye na hatia naye huipanga nyumba yake. Uganda iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2016, na katika ahadi iliyoihuisha Septemba 2022 ilisema kwamba ifikapo mwaka 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 24.7, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingefikiwa kama hatua yoyote isingechukuliwa. Sehemu kubwa ya gesijoto ya nchi yetu hutokana na ardhi, yaani ukataji wa miti, kilimo na mifugo. Kumbuka jambo hilo, maana litaamua mji wetu uanzie wapi. Aidha, utakavyoona, hatua za kupunguza gesijoto hapa kwetu ni zile zile zinazopunguza kikohozi cha mama jikoni, safari ya msichana kutafuta kuni, na mrundikano wa taka nyuma ya soko. Hata kama dunia isingekuwa na tatizo la tabianchi, hatua hizo bado zingestahili kuchukuliwa.

Kwa nini sasa?

Koboko iko pembeni mwa nchi, pale Uganda inapokutana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wilaya yake ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005, na mji wenyewe sasa ni manispaa. Barabara ya lami itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani, imeugeuza kuwa mji wa malori, maghala na masoko. Vita vya Sudani Kusini vilipopamba moto tena mwaka 2016, watu kwa maelfu walivuka mpaka. Wengi walipelekwa Bidi Bidi katika wilaya ya Yumbe. Wakimbizi kutoka Kongo wako Lobule, ndani ya wilaya ya Koboko. Wengine hawakwenda makambini. Walipanga vyumba mjini na sasa ni majirani zetu. Jirani yetu mkubwa, Arua, alipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, pamoja na Gulu, Mbale, Mbarara, Masaka, Jinja na Fort Portal.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Akishakauka hakunjiki, ukimlazimisha atavunjika. Mji nao ni vivyo hivyo. Upana wa barabara, mahali pa soko, kiwanja cha dampo, umbali wa makazi kutoka shuleni: mambo haya yakishaamuliwa hukaa nusu karne au zaidi. Dar es Salaam ilipozindua mabasi yaendayo haraka mwezi Mei 2016, ilikuwa imekwisha kuwa jiji la mamilioni ya watu, na njia za mabasi hayo zilibidi zipenyezwe katikati ya mji uliokwisha jengwa. Kazi hiyo iliwezekana, na jiji lilisifiwa kwayo, lakini mji mdogo unaweza kutenga nafasi kama hiyo kwa kamba na vigingi tu kabla nyumba hazijasimama. Unafuu huo Koboko inao leo, na hakuna ajuaye utadumu miaka mingapi.

Hesabu kabla ya mpango

Mpango usio na hesabu ni hotuba. Tangu mwaka 2014 upo utaratibu wa pamoja wa kuhesabu gesijoto za miji, uliotayarishwa na mitandao ya miji ya C40 na ICLEI wakishirikiana na Taasisi ya Rasilimali za Dunia. Kwa ufupi, mji hugawanya hesabu yake katika mafungu matatu: yale yanayochomwa ndani ya mipaka yake, umeme unaoutumia kutoka nje, na yale yanayotokea mbali kwa sababu ya mji, kwa mfano taka zinazopelekwa kutupwa kwingine. Kampala ilitoa mkakati wake wa tabianchi mwaka 2016. Nairobi na Dar es Salaam nazo zina mipango inayotazama hadi mwaka 2050.

Lakini hapa pana mtego ambao nataka uutambue. Utaratibu huo unaagiza kwamba hewaukaa itokanayo na kuni na makaa iandikwe kando, isiingizwe katika jumla kuu, kwa kuwa mti ukiota tena huirudisha hewaukaa hiyo. Upungufu wa miti huhesabiwa kule miti ilikokatwa. Kwa jiji linalopikia gesi, kanuni hii haina madhara makubwa. Kwa Koboko, ambako karibu kila chungu hukaa juu ya kuni au makaa, kanuni hii ikifuatwa bila kufikiri itauonyesha mji kuwa safi, na huku vijiji vinavyoulisha makaa vinabaki na visiki. Mti uliokatwa usipoota tena, hakuna kilichorudishwa. Kwa hiyo napendekeza Koboko ihesabu pia magunia ya makaa na mizigo ya kuni inayoingia mjini kila juma. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Wanafunzi kumi wenye daftari, wakisimama kwenye njia kuu kwa siku saba, wataianza.

Jikoni

Makaa ni nishati inayopoteza sana kabla haijawashwa. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo moja ya makaa huweza kumeza kilo sita za kuni au zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea kama moshi msituni. Miti inayokatwa si yote ya kupandwa upya kwa urahisi; mti wa shea, ambao mafuta yake yamewalisha watu wa kaskazini kwa vizazi, nao huishia tanurini.

Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, West Nile ikiwemo. Naunga mkono kusudi la amri hiyo, lakini nasema waziwazi kwamba marufuku peke yake si mpango. Amri humwambia mtu asifanye nini; mpango humwonyesha atafanya nini badala yake, kwa gharama ipi, na nani atamsaidia. Mama anayeuza maharagwe sokoni hawezi kuahirisha chakula cha jioni hadi serikali ipate nishati mbadala. Ukimzuia mchomaji wa Yumbe bila kubadilisha jiko la Koboko, gunia litapita usiku, na bei ya magendo itamwangukia yule mwenye kipato kidogo zaidi.

Manispaa ifanye nini basi? Haiwezi kumpa kila mtu jiko la gesi. Inaweza kuanza na majiko yaliyo chini ya mamlaka yake au yaliyo karibu nayo: ya shule, zahanati na vituo vya polisi. Shule moja yenye mamia ya wanafunzi hupika uji na posho kila siku ya masomo, na mara nyingi juu ya mafiga matatu yaliyo wazi. Jiko banifu la taasisi, lililojengwa kwa matofali na kuwekewa bomba la moshi, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa na kumwondolea mpishi moshi machoni. Kisha manispaa iweke sharti kwamba kuni za shule zinunuliwe kwenye mashamba ya miti iliyopandwa tu. Sharti hilo moja lingempa mkulima wa Koboko sababu ya kupanda miti, kwa kuwa angekuwa na mnunuzi wa hakika. Watu hupanda miti pale inapolipa, na hilo hotuba pekee haiwezi kulileta.

Matofali nayo yamo katika hesabu hiyo. Tofali la kuchoma, ambalo karibu kila nyumba mpya hujengwa nalo, hula kuni nyingi tanurini. Lipo tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila moto. Limejaribiwa katika majengo mengi ya Uganda. Manispaa ikitaka madarasa yake mapya yajengwe kwa tofali hilo, mafundi watajifunza, na wakishajifunza watawajengea wengine.

Umeme, njia na taka

Kwa miaka mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa. Arua iliwaka kwa jenereta, hadi mwaka 2012 mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5, ulipoanza kazi katika wilaya ya Zombo. Mwaka 2024 gridi ya taifa ilifika kwetu, mwaka ule ule bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilipozinduliwa. Umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa hutokana na maji ya Nile, kwa hiyo kila jenereta ya dizeli inayozimwa ni punguzo halisi la gesijoto. Lakini waya kupita juu ya paa haumaanishi umeme ndani ya nyumba. Mpango mzuri utauliza ni mashine ngapi za kusaga, karakana ngapi za kuchomelea na maghala mangapi ya baridi bado yanatumia dizeli, kisha utafute njia ya kuyaunganisha kwanza. Taa za barabarani ziendelee kuwa za jua, kama zile zilizowekwa Arua katika barabara zilizojengwa kwa mradi wa miundombinu ya manispaa.

Kuhusu usafiri sitasema mengi. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, na chombo chenyewe kimekuwa miguu ya Afrika Mashariki. Pikipiki za umeme zimekwisha kuonekana Kampala, Nairobi na Kigali, nazo zitafika kwetu bei ikiruhusu. Kinachoweza kufanywa sasa ni kidogo na cha maana zaidi: kutenga njia za waenda kwa miguu zenye kivuli, kuweka shule na masoko madogo karibu na makazi, na kuyapa malori maegesho nje ya katikati ya mji. Safari isiyohitaji injini ndiyo safari isiyo na moshi, na wengi wetu tungali tunatembea. Tusijenge mji utakaowalazimisha watoto wetu kulipa nauli ili wafike dukani.

Taka zinahitaji uangalifu zaidi. Sehemu kubwa ya taka za miji yetu ni maganda, majani na mabaki ya chakula, vitu vinavyooza. Vikifukiwa pamoja bila hewa hutoa methani. Vikigeuzwa mara kwa mara hewani huwa mboji. Uganda ina uzoefu wa jambo hili: Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliisaidia miji kama Jinja, Mbale, Lira, Soroti na Kabale kujenga vituo vya kutengeneza mboji, na mradi huo ukaandikishwa kimataifa kama mradi wa kupunguza gesijoto. Kwa upande mwingine, tunalo funzo la kusikitisha la Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kampala uliporomoka na kuzifukia nyumba za jirani. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996, jiji likakua, taka zikapanda, na nyumba zikasogea hadi miguuni pake. Hakuna siku moja ambayo mtu aliamua iwe hivyo. Mambo yaliachwa yaende, nayo yakaenda.

Koboko haina mlima wa namna hiyo. Itenge leo kiwanja cha taka chenye mpaka unaolindwa, itenganishe taka za soko zinazooza na zile za plastiki, na iwauzie wakulima mboji. Na inapohesabu watu, iwahesabu wakimbizi wanaoishi mjini. Ganda la ndizi haliulizwi uraia, na bajeti inayowasahau wanaolitupa itakosea hesabu kila mwaka.

Nani ataamua?

Hapa ndipo somo la uraia linapokuhusu wewe. Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda humpa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hakuna mtaa unaoweza kusema sheria haiufikii. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inazitaka wilaya ziwe na mipango kazi yao. Mamlaka yapo. Kinachokosekana mara nyingi ni wananchi wanaouliza mpango uko wapi na fungu lake katika bajeti ni kiasi gani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mikutano ya kujadili bajeti za wilaya na manispaa hufanyika miezi mingi kabla. Anayekuja kuuliza mwezi Julai amekuta chakula kimekwisha pakuliwa.

Serikali ya Uganda, tangu mwaka 2009, huendesha mikutano ambapo viongozi huwaeleza wananchi fedha za umma zimefanya nini, na mikutano hiyo huitwa Baraza. Umeliona neno hilo? Ni neno letu la Kiswahili, lililochaguliwa kwa sababu hueleweka. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika soko la Koboko utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili kabla ya saa nne asubuhi. Mpango ulioandikwa kwa Kiingereza pekee utawafikia wachache sana katika soko hilo, na watu hawawezi kutetea wala kupinga wasichokielewa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja lenye kipimo. Tafuta mpango wa maendeleo wa manispaa au wilaya yako, chagua ukurasa mmoja unaohusu nishati, taka au ardhi, uutafsiri kwa Kiswahili fasaha, kisha umsomee mtu mmoja asiyejua Kiingereza. Andika maswali atakayokuuliza. Maswali hayo, naamini, yatakuwa bora kuliko mengi yanayoulizwa katika vikao.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mwandishi anasema marufuku peke yake si mpango. Je, unakubaliana naye? Toa hoja mbili, moja ya kuunga mkono na moja ya kupinga.

2. Kama manispaa ina fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, ichague majiko ya shule, kituo cha mboji, au njia za waenda kwa miguu? Eleza nani atafaidika na nani atasubiri.

3. Tunga sentensi tano ukitumia maneno haya: gesijoto, tabianchi, mboji, bajeti, baraza. Sentensi zako zihusu mtaa unaoishi.